Maswali yenu: mafuta yaliyojificha kwenye miamba yenye nyufa

Safu iliyopita niligusia miamba yenye nyufa: mawe yanayohifadhi mafuta huku yamekatikakatika kila upande, na jinsi wahandisi wanavyoyaiga kwenye kompyuta ili wakadirie watavuna kiasi gani. Maswali yamekuja mengi. Nimeyafupisha, na majina ya walioandika nimeyaacha.

Mwalimu, shikamoo. Nasoma uhandisi hapa Mombasa. Nimesikia kisima kwenye mwamba wa nyufa huanza kwa kishindo, halafu ghafla kinatoa maji, na ilhali mafuta mengi bado yako chini. Inakuwaje?

Marahaba. Mafuta hukaa mahali pamoja na kupita mahali pengine, na hapo ndipo mkorogo unapoanzia. Fikiria Mji wa Kale: watu wako majumbani, lakini anayetaka kwenda Marikiti sharti atoke mlangoni ashike kichochoro. Nyufa kwa kawaida hazichukui hata asilimia 1 ya ujazo wa mwamba, lakini karibu mwendo wote wa mafuta hupita humo. Tena ufa una tabia ya ajabu: kwa presha ileile, ukiongezeka upana mara mbili, kinachopita kinaongezeka mara nane. Kwa hiyo kisima huanza kwa kunywa kilichomo nyufani, na kinakinywa haraka. Kikimaliza, maji ya chini hupanda kwa njia zizo hizo kabla mabonge ya mawe hayajatoa mafuta yake.

Kuiga hali hiyo, mwaka 1960 wataalamu watatu wa Muungano wa Kisovieti, Barenblatt, Zheltov na Kochina, walipendekeza tuhesabu kana kwamba kuna miamba miwili mahali pamoja: mmoja wa nyufa, mwingine wa mabonge, kila mmoja na presha yake, na viowevu vikihama kati yao. Mwaka 1963 Warren na Root, huko Marekani, wakayachora mabonge kama vipande vya mraba vilivyopangwa sawasawa. Mwaka 1976 Kazemi na wenzake wakaifikisha hesabu hiyo kwenye mafuta na maji yanayotembea pamoja. Mpaka leo programu nyingi zimesimama juu ya msingi huo.

Sasa sikiliza sana hapa. Kati ya mwamba huu na ule kuna kigezo kimoja, kigezo cha umbo, kinachosema mafuta yanatoka ndani ya bonge kwa wepesi gani. Kinategemea ukubwa wa bonge, na kinategemea kwa mraba: bonge la mita 10 badala ya mita 1, kigezo kinashuka mara 100. Kazi yote iko hapo. Wanafunzi hupita mbio wakimbilie gridi, yaani mwamba uliogawanywa vijisehemu (seli) kwenye kompyuta, na rangi zake, wakaacha kigezo hicho kama walivyokikuta kwenye mfano wa kitabuni.

Hii ndiyo ile ya Wamarekani ya kupasua miamba kwa maji?

La. Kule mwamba umebana, ukapasuliwa kwa nguvu kwa maji yaliyochanganywa na mchanga. Huku nyufa zimeletwa na ardhi yenyewe ilipokunjamana, miaka mamilioni iliyopita. Mahesabu yanakutana njiani, lakini ufa wa kupasuliwa ni afadhali uuchore mmoja mmoja kuliko kuuingiza kwenye wastani.

Ami, mimi ni mvuvi wa Mtongwe. Maji na mafuta havipatani, hilo najua tangu utotoni. Sasa kupeleka maji ya bahari chini kutatoaje mafuta?

Swali zuri kuliko yote niliyopata. Jibu liko kwenye jiwe. Yako mawe yanayopenda maji: yakiguswa na maji huyafyonza kwa vitundu vyake vidogo, na maji yakiingia, mafuta hayana budi kutoka kwenda nyufani. Hakuna anayeyasukuma. Yako mengine, hasa mawe mengi ya chokaa, ambayo yamekwisha kuelemea upande wa mafuta. Mawe hayo, maji yatayapita kwenye nyufa hadi kisimani, na wewe utabaki unasukuma maji na kupokea maji.

Mfano mkubwa ni Ekofisk, eneo la mafuta upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini. Iligunduliwa 1969, ikaanza kutoa mafuta 1971. Jiwe lake ni chaki laini, limejaa nyufa, na mwanzoni makadirio yalikuwa kuvuna kama asilimia 17 tu. Hofu ya kuingiza maji ilikuwa ndiyo hiyo niliyoitaja. Wakapima vipande vya jiwe maabara, wakajaribu sehemu ndogo ya eneo, wakaona chaki inafyonza. Mwaka 1987 wakaanza kuingiza maji ya bahari kwa kiwango kikubwa, na leo makadirio ya uvunaji yamepita asilimia 50.

Lakini Ekofisk ina kisa cha pili. Presha iliposhuka, chaki ilikandamizwa na uzito wa juu yake, na sakafu ya bahari ikaanza kudidimia. Mwaka huohuo wa 1987 majukwaa ya mafuta yaliyosimama baharini yaliinuliwa mita 6 kwa jeki. Maji yalirudisha presha, na bado udidimiaji haukukoma mara moja, kwa sababu maji ya bahari yenyewe huilegeza chaki. Tena kule kukandamizwa kulisaidia kukamua mafuta. Programu inayolichukulia jiwe kama kitu kisichobonyea isingeona lolote kati ya hayo.

Na pale jiwe linapokataa maji? Huingizwa gesi kwa juu, uzito ukafanya kazi: mafuta ni mazito kuliko gesi, yanateremka ndani ya bonge na kutokea chini. Eneo la mafuta la Haft Kel kule Iran ni mfano wake. Hapa mambo hugeuka: kwa kufyonza, bonge dogo ni bora kwa sababu linamaliza upesi, kwa kuteremka, bonge fupi ni hasara, kwani vitundu vyake huyashikilia mafuta na uzito hautoshi kuyang'oa. Ndiyo maana mtu akiniambia "nyufa nyingi ni nzuri" namuuliza kwanza: nzuri kwa njia ipi?

Kompyuta ikisema "mtapata mapipa kadha wa kadha", nani anaisahihisha?

Mara nyingi, hakuna, mpaka kisima chenyewe. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya zoezi la Chama cha Wahandisi wa Petroli, ambamo makampuni mbalimbali yalipewa tatizo moja la miamba ya nyufa walitatue kwa programu zao. Majibu hayakulingana. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na jinsi kila mmoja alivyoyahesabu mabadilishano kati ya bonge na ufa, pamoja na nguvu ya ufyonzaji ndani ya ufa wenyewe, ambayo wengi walikuwa wamezoea kuiandika sifuri.

Watu hujitetea kwamba wamerekebisha vigezo mpaka hesabu ikafuata historia ya kisima. Sawa, lakini mabonge makubwa yenye upenyezaji mkubwa (yanayopitisha mafuta kwa wepesi) na mabonge madogo yenye upenyezaji mdogo yanaweza kutoa historia ileile, kisha yakaachana vibaya miaka ya mbele. Kwa hiyo ukiniletea picha ya rangirangi nitakuuliza ukubwa wa mabonge umeutoa wapi. Vipande vya mwamba vinavyotolewa na kekee huvunjika palepale penye nyufa, picha za ukuta wa kisima huonyesha ukuta tu, na kipimo cha presha hutoa wastani. Tumia vyote vitatu.

Nilifanya kazi kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe mpaka kilipoacha kusafisha mwaka 2013. Mafuta ya Turkana nayo yamo kwenye nyufa?

Mzee wangu, hasa la. Tangu kisima cha Ngamia-1 cha mwaka 2012, mafuta ya Lokichar, huko Turkana, yamepatikana zaidi kwenye mawe ya mchanga uliotandazwa na mito na maziwa ya kale. Anayeiga pale anahangaika na swali jingine: mchanga wa kisima hiki umeungana na wa kile, au matope yamekata katikati? Halafu kuna nta. Mafuta yale yakipoa hugandamana, ndiyo maana yalihitaji matangi yanayotunza joto yalipoletwa kwa malori hapa Mombasa na kusafirishwa Agosti 2019.

Naweza kujifunza kwa laptopu yangu?

Waweza. Taasisi ya utafiti ya SINTEF ya Norway hutoa bure MRST, programu ya kuiga miamba ya mafuta, yenye sehemu ya miamba miwili-kwa-mmoja. Inaendeshwa na MATLAB, programu ya mahesabu, ambayo ni ya kununua. Baadhi yake hukubali Octave, ambayo ni bure. Ila kabla ya hapo andika mwenyewe, kwa Python, bonge moja linalofyonza maji kutoka upande mmoja. Likikushinda hilo, gridi ya seli laki moja haitakusaidia.

Mimi fundi wa visima, Kisauni. Nachimba viwili, jirani kwa jirani: kimoja maji matamu, kingine chumvi. Wateja wananiona mwongo.

Si mwongo, fundi. Mwamba wetu wa matumbawe una nyufa na mapango, na kisima kilichoangukia ufa unaofika baharini hakifanani na kilichokaa kwenye jiwe zima. Kanuni ya jumla ya pwani husema kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake. Kwa hiyo pampu kali inayoshusha maji kidogo tu huivuta chumvi juu sana. Kwenye nyufa huja mapema zaidi hata ya kanuni hiyo.

Na hesabu ya wale Wasovieti watatu, ya miamba miwili mahali pamoja, inafaa hapa pia, hasa kwa vyoo vya shimo. Uchafu ulioyeyuka hupita ufani haraka, lakini sehemu yake huingia ndani ya jiwe polepole; choo kikifukiwa, jiwe huendelea kuurudisha ufani kwa muda mrefu. Kwa hiyo mteja akikwambia choo kilifungwa mwaka jana, bado peleka maji yakapimwe. Na kile kisima cha chumvi, jaribu pampu ndogo kwa saa nyingi badala ya kubwa kwa saa moja, upime chumvi asubuhi na jioni kabla hujamshauri achimbe kingine.