Doa jekundu chini ya Mark II

Mkuu, umesema Toyota Mark II yako ya 1998, ya otomatiki, inaacha doa jekundu la mafuta chini kila asubuhi, na fundi anataka kushusha gia boksi. Msimamishe kwanza. Wekundu peke yake hauthibitishi kitu, maana pampu ya stelingi nayo mara nyingi hutumia mafuta mekundu ya aina hiyohiyo ya gia boksi. Chungulia kopo la stelingi: likiwa ndilo linalopungua, gia boksi unaionea.

Kama ni gia boksi kweli, ioshe chini mpaka ing'ae, ikaushe, ipulizie poda ya watoto, kisha tembeza gari dakika 15. Upepo husukuma mafuta nyuma, kwa hiyo fuata mchirizi hadi pale palipo juu na mbele zaidi. Mimi nilibadilisha gasketi ya sampo (bakuli la mafuta chini ya gia boksi) mara mbili bure, kumbe ni mpira wa bomba linalopeleka mafuta ya gia boksi kwenye rejeta kupozwa! Sili ya nyuma, pale propela (shafti inayozungusha matairi ya nyuma) inapoingia, nayo huchoka. Kuibadilisha hiyo unachomoa propela tu, gia boksi haishuki. Mafuta mekundu yakitokea kwenye maungio ya injini na gia boksi, hapo fundi wako yuko sahihi, lazima ishuke.

Usiingie chini kwa jeki pekee, weka stendi. Na maji ya rejeta yakigeuka kama maziwa yenye rangi ya waridi, yamechanganyika na mafuta ya gia boksi, zima gari. Ipakie ipelekwe kwa fundi, usiivute kwa kamba: otomatiki ikivutwa matairi ya nyuma yakizunguka, gia boksi inakufa.