Nyuki wako wamezeeka tu

Dada, umeokota nyuki wanne weusi wakubwa chini ya kichanja cha pasheni, mabawa yamechanika, unauliza kama ni ugonjwa. Mimi naona ni uzee.

Hao ndio wanaotoboa boriti zenu. Hawana malkia wala mzinga, kila jike hujichimbia tundu lake na kulea peke yake. Nyuki wa asali mfanyakazi, msimu wa kazi, huishi kama wiki sita. Jike wa hawa anaweza kukaa miezi mingi. Hutaga mayai machache tu, lakini yai moja ni kubwa ajabu kwa mdudu, na kila mtoto huwekewa donge lake la chavua.

Mshike mmoja umtazame juani. Bawa la nyuki likishachanika halioti tena, na manyoya yakinyonyoka hayarudi. Ukikuta kingo za mabawa zimechakaa kama leso ya jikoni, na mgongo umebaki upara unaong'aa, huyo alikuwa bibi kizee. Lakini wakianguka wengi siku moja, mabawa yakiwa mazima, muulize jirani kama amepiga dawa. Mwombe basi apige jioni, maua yakishafunga.

Usiwafukuze, maana pasheni inawahitaji: nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile. Boriti zipake rangi, kisha uwaachie gogo kavu pembeni. Yule wa manjano anayekuvamia usoni ni dume, hana mwiba.