Hedifoni Ni Mzigo: Fundi wa Tabora Anajibu Maswali Yenu

Oktoba mezani kwangu ni mwezi wa mito ya hedifoni iliyobanduka. Joto la Tabora likishafika pale linapofika, hedifoni zilizokaa kimya mwaka mzima zinaanza kuletwa: hii inabana, ile inachoma masikio, nyingine imemwaga magamba meusi kwenye kola ya shati. Maswali ya safari hii karibu yote ni ya kuvaa saa nyingi bila kuumia, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Ya waya kukatika nimeyaacha. Leteni nilehemu, hayana maneno mengi.

Shikamoo fundi. Mimi ni mtangazaji, nakaa studio saa nne hadi sita na hedifoni kichwani. Kipindi kikifika katikati, utosi unauma kama nimepigwa konzi. Nimeupanua upinde ili usibane, ndiyo kwanza maumivu yakazidi. Tatizo ni nini? (Mtangazaji, Ipuli)

Marahaba. Umeupanua na maumivu yakazidi. Hapo umejijibu nusu ya swali bila kujua. Hedifoni hukaa kichwani kwa nguvu mbili. Uzito unashuka utosini, na vikombe vinabana kutoka kushoto na kulia. Vikombe vikibana kiasi, vinashika ngozi ya pembeni mwa sikio na kubeba sehemu ya uzito. Ulipovilegeza, vikaacha kubeba, na utosi ukaachiwa mzigo wote peke yake.

Sasa mfikirie mama anayejitwisha ndoo ya lita 20. Hawezi kuinyanyua kabla hajazungusha kanga kuwa kata na kuiweka kichwani. Kata haipunguzi hata tone la maji. Kazi yake ni kuutandaza uzito, ule ukingo wa chini wa ndoo usikite mahali pamoja. Hedifoni yako ina gramu 300 hivi, ndoo ina kilo 20, lakini mama anatua baada ya robo saa na wewe unabeba mpaka taarifa ya habari ya usiku.

Piga hesabu. Upinde mwembamba uliopinda kuliko kichwa chako unagusa sehemu ndogo, tuseme sentimita 5 za mraba. Gramu 300 hapo ni gramu 60 kwa kila sentimita. Zitandaze kwenye sentimita 40, inabaki 7 na nusu. Utosini hakuna nyama, ni ngozi juu ya mfupa, na ngozi ikibanwa muda mrefu damu haipiti vizuri kwenye vile vimishipa vidogo. Ndiyo konzi unayoisikia.

Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kufunga kipande cha godoro katikati ya upinde. Kinakuwa kinundu, na kinundu kinarudisha uzito palepale. Mimi nafanya hivi: naacha upinde wa chuma juu, halafu chini yake natundika mkanda wa ngozi laini wenye upana wa sentimita 4, umefungwa ncha mbili tu na umelegea katikati. Ukiuvaa, mkanda unajikunja kufuata kichwa chako, kiwe cha mviringo au cha bapa, na chuma hakikugusi kabisa. Viwanda vingi vinavyouza hedifoni nzito vinatumia ujanja huohuo. Pili, ule waya wa studio uliojiviringisha kama springi ubane kwenye kola kwa kibanio cha nguo. Waya huo unaning'inia kwenye kikombe kimoja na kuvuta kichwa chako upande siku nzima. Na kila ukiweka wimbo, sogeza upinde kidogo mbele au nyuma. Hili la mwisho halina gharama na ndilo watu wanalolidharau.

Fundi, za bei ghali ndizo zinazokaa vizuri? (Kijana, Kigoma mjini)

Hapana. Nyingine za ghali zimejaa chuma na zina gramu 400 na zaidi. Zipime kwenye mizani ya sukari kabla hujatoa hela.

Assalaam alaykum. Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mikutano na kuziandika, naifanyia nyumbani hapa Ujiji. Navaa mtandio. Hedifoni nikiweka juu ya mtandio inateleza na besi inapotea, nikiweka ndani joto linanimaliza. Nishike lipi? (Dada wa Ujiji)

Waalaykum salaam dada yangu. Besi inataka chumba kilichozibwa. Mto wa hedifoni ukikaa kwenye ngozi unaziba. Ukikaa juu ya mikunjo ya kitambaa, hewa inapenya na besi inatoka nayo. Lakini wewe hupigi muziki, unasikiliza watu wakiongea. Maneno ya mtu hayakai kwenye besi. Simu za mezani zilikuwa zinabeba sauti kuanzia kama hezi 300 (yaani mitetemo 300 kwa sekunde) mpaka 3,400 tu, besi nzito ikiachwa nje, na bado mlielewana na mkagombana humohumo. Kwa hiyo usihangaike kuziba.

Ninachokushauri ni hedifoni nyepesi yenye mgongo wazi na sponji, ile inayolala juu ya sikio bila kulizungushia ukuta. Mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 414 ya namna hiyo, ya kwanza kuuzwa ikiwa wazi nyuma, na ikapendwa sana kwa wepesi wake. Hewa inapita, joto halijengeki. Wa chumba cha jirani watasikia kidogo unachosikiliza, hilo ndilo hasara yake, kwa hiyo kama mikutano ni ya siri funga mlango.

Kuteleza ni kwa sababu ya kitambaa. Satini juu ya ngozi bandia ni kama sabuni. Weka kofia ya pamba ndani na mtandio wa pamba juu, na pini isipite chini ya mto, kwa sababu baada ya nusu saa utaiona kama msumari. Wenye mabutu mnaojiuliza, jibu ni hilohilo: utepe wa nywele ukipita chini ya kikombe utaacha mwanya, na fundo likikaa chini ya upinde litauma. Mwambie msusi aache njia.

Mito ya hedifoni yangu imekuwa inamwaga vipande vyeusi kama majani ya chai. Haina hata miaka miwili. Nimeuziwa feki? (Mama wa duka, Mwanga, Kigoma)

Huenda si feki, mama. Ile si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki inayoitwa poliyurethani, na adui yake ni maji na joto. Unyevu unaingia ndani ya utando na kuuvunjavunja polepole, jasho na mafuta ya nywele vinaharakisha. Huko kwenu kando ya ziwa hewa ina unyevu, na nina hakika unaiacha dirishani. Utando huu unaweza kubanduka hata kama hedifoni imelala kwenye boksi bila kuvaliwa.

Usibandike gundi. Toa mito yote miwili, nunua mingine au mpe fundi wa viti akushonee. Ukitaka isibanduke tena chagua mahameli. Inapumua, hainati na jasho, inafuliwa kwa maji ya uvuguvugu. Lakini ujue inavujisha hewa, besi itapungua kidogo na kelele za duka zitaingia. Kwa Kigoma mimi ningechagua mahameli bila kufikiri mara mbili. Na baada ya kazi ifute kwa kitambaa kikavu, uitundike mahali penye kivuli.

Jambo moja la ndani ya mto, maana wauzaji wanalitangaza sana: ile sponji inayobonyea na kurudi taratibu ilianzia kwenye utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1966. Ni nzuri kweli, inafuata umbo la kichwa. Ila inalainika ikipata joto. Kwa hali yetu ya Oktoba, iliyo nyembamba inalegea mpaka sikio linagonga plastiki ya ndani. Ukiinunua, nunua nene.

Navaa miwani ya kusomea. Nikikaa na hedifoni saa moja, nyuma ya sikio panawaka moto. (Mwanafunzi wa chuo, Tabora)

Mkono wa miwani umebanwa kati ya mto na fupa la kichwa, umekuwa kisu. Tafuta mito laini na minene, kisha jaribu kupandisha mikono ya miwani ipite juu ya sikio bila kulala kwenye ngozi, itakaa imeinama kidogo lakini kwa kusikiliza tu inatosha. Fremu yenye mikono myembamba ya waya inasaidia kuliko ya plastiki pana. Na zile hedifoni zinazokandamiza sikio lenyewe achana nazo, kwa mwenye miwani hazina urafiki.

Nasafiri mara kwa mara kwa treni kutoka Kigoma kwenda Dar. Natumia zile za kuchomeka sikioni, na nikifika Tabora tu tundu la kulia linauma, la kushoto halina neno. (Msafiri)

Matundu yako hayalingani, na hilo ni la kawaida. Kwenye boksi kulikuwa na vimpira vya saizi tatu ukavitupa. Kulia vaa kimpira kidogo zaidi, kushoto acha kilichopo. Usilalie ubavu ukiwa umezichomeka. Zikitoka sikioni zikiwa na nta zifute, na sikio likiwasha au kutoa maji, pumzisha uende hospitali. Vifaa hivi vinafungia unyevu ndani, na kuvu wanapenda sana mazingira hayo.

Fundi, mwanangu wa miaka 15 nimemnunulia hedifoni laini kama mto wa kulalia. Sasa haivui. Kuna madhara? (Mzazi, Cheyo)

Ndugu yangu, hapa nitasema jambo ambalo fundi wa hedifoni hapaswi kulisema: inayobana ina faida yake, inamwambia mtoto avue. Inayokaa vizuri haimpi onyo lolote, na sikio la ndani haliumi linapoharibika.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda nusu. Kwa mtu mzima, 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5 kwa wiki nzima. Simu nyingi siku hizi zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti. Weka wewe, na namba ya siri iwe yako. Halafu angalia anavalia wapi. Akikaa karibu na jenereta au mashine ya kusaga atapandisha sauti ili aishinde kelele, kwa hiyo mahali pa kelele, hedifoni inayoziba vizuri ni salama kuliko iliyo wazi.

Mwangaluka fundi. Nasoma ufundi, nataka kutengeneza hedifoni yangu mwenyewe, vikombe vya mninga. Spika zake nitatoa kwenye hedifoni mbovu. Nataka mtu aivae siku nzima. Nianzie wapi? (Mdogo wako, Urambo)

Mwangaluka, mdogo wangu. Umenifurahisha kuliko wote. Anzia kwenye sikio, mbao itakuja baadaye.

Sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 6 na ushee, limelala kidogo kuelekea nyuma, na linatokeza kama sentimita 2. Tundu la mto wako liwe la yai, si la duara, lenye urefu unaozidi hapo, na kina kinachoacha ncha ya sikio isiguse kitu. Ncha ni gegedu tupu. Ikigusana na kitambaa cha ndani saa nzima inawaka. Usipime sikio lako peke yako. Masikio yanaendelea kurefuka na umri, kama milimita 2 kila miaka 10, kwa hiyo nenda kampime na babu.

Mninga ni chaguo zuri, unachongeka na hautanuki ovyo ukishakauka sawasawa. Lakini uchonge ndani mpaka ukuta ubaki milimita 4 hivi. Mpingo usiuguse, ule unazama majini, utamvunja mtu shingo. Hedifoni nzima ikizidi gramu 300, rudi ukachonge tena.

Sasa kubana. Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin wa Utah aliliuzia jeshi lao la majini hedifoni alizozitengeneza mwenyewe, upinde wake ukiwa wa fito za waya na vikombe vinavyopanda na kushuka. Bado hatujatoka mbali sana na hapo. Chuma chako kiwe cha springi, kitoe kwenye hiyohiyo mbovu, maana chuma cha kawaida ukikitanua mara ishirini kinabaki kimetanuka. Kupima, azima mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki. Bana kikombe kimoja kwenye ukingo wa meza, cha pili kitie ndoana, vuta mpaka nafasi kati ya mito iwe sentimita 15, ambao ndio upana wa kichwa kwa makadirio, kisha soma. Mimi nalenga kati ya gramu 300 na 450. Chini ya hapo inadondoka ukiinama, juu ya hapo taya linachoka.

Kikombe kiweze kugeuka pande mbili, juu-chini na mbele-nyuma. Kichwa cha mtu si boksi: kinapungua kuelekea shingoni, na chini ya ndewe kuna kibonde ambako hewa hupenda kuvuja. Pitisha kipande cha karatasi chini ya mto ukiwa umevaa, uzungushe pote. Kikipita kirahisi mahali pamoja na kukwama pengine, kikombe hakijakaa.

Kisha majaribio. Dakika tano hazisemi kitu, kila hedifoni ni tamu dakika tano. Mpe mwenye upara, mwenye mabutu, mwenye miwani na huyo babu, kila mmoja akae nayo saa tatu akifanya kazi zake, na aandike dakika aliyoigusa kwa mara ya kwanza kuisogeza. Usimuulize kama inauma, atakuonea haya aseme haiumi. Mkono hauna haya.

Ikikamilika ya kwanza iletee mezani kwangu asubuhi. Nitaivaa nikiwa natengeneza redio za watu, na wewe kaa pembeni na saa yako.