Maswali ya Wasomaji: Mapumziko ya Bara, Farasi na Meza ya Hadhi

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi na mume wangu tunataka kuadhimisha miaka kumi na mitano ya ndoa kwa kwenda bara siku tatu. Tungependa kukaa katika zile nyumba za mbao za kifahari, tupande farasi asubuhi, na jioni tule chakula cha mpishi bingwa. Hatujawahi kupanda farasi, mimi huvaa buibui, na mume wangu ana kilo 105. Bei tunazotajiwa ni kubwa mno. Tutajuaje kwamba mahali panastahili fedha hizo, na je, twende Naivasha au Nanyuki? (Bi. wa Tudor)

JIBU: Waaleikum salaam, Bi. wa Tudor, na hongera kwa ndoa iliyodumu. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msichague mahali kwa picha za kitanda na beseni la kuogea, kwa sababu vitu hivyo hununuliwa mara moja vikakaa. Chagueni kwa hali ya farasi, ambao huhitaji kutunzwa kila siku ya Mungu, kwani mwenye kuwapuuza hao hatachelewa kuwapuuza wageni. Kabla ya kulipa, pigeni simu mwombe kuzungumza na msimamizi wa zizi mwenyewe. Asipowauliza uzito wenu, urefu wenu na kama mmewahi kupanda, tafuteni kwingine. Kanuni inayofuatwa na mazizi mengi ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwa ndani ya hesabu hiyo. Kwa hivyo farasi wa kilo 500 mwisho wake ni kilo 100, ilhali mumeo pamoja na tandiko la kilo kumi anafika 115. Anahitaji farasi mkubwa anayekaribia kilo 600, na si kila zizi lina farasi wa namna hiyo. Ni bora aambiwe hivyo mapema akiwa Mombasa kuliko kufika huko akabaki kumtazama mkewe akipanda, wala asione haya kuutaja uzito wake.

Mkifika, nendeni zizini kabla ya kuingia chumbani. Tazameni mgongo wa farasi pale tandiko linapokaa. Mabaka ya nywele nyeupe, au mahali palipokatika manyoya, mara nyingi ni alama za tandiko lililomchubua. Tazameni pia kama kwato zimekatwa sawasawa na kama maji ya kunywa ni safi. Saisi, yaani mtunza farasi, anayeipenda kazi yake humwita kila farasi kwa jina, na farasi humgeuzia masikio anapomsikia. Kwangu mimi hakuna cheti kinachoshinda hicho. Saisi huyo ndiye atakayekaza mshipi wa tandiko, aingize vidole kati ya mshipi na tumbo kuhakikisha haubani wala haulegei, kisha awapandishe kutoka upande wa kushoto mkiwa mmesimama juu ya kipandio, ili uzito wenu usiuvute mgongo wa mnyama upande mmoja. Siku ya kwanza inatosha kwenda kwa hatua. Mwendo wa matiti, yaani wa kukimbia polepole, unaweza kujaribiwa siku ya pili, lakini kupiga shoti si jambo la mgeni wa siku tatu.

Kuhusu mavazi, buibui lisipandiwe farasi, kwa kuwa pindo lake linaweza kunasa kwenye kikuku cha tandiko, yaani chuma cha kukanyagia, wakati wa kushuka, na hapo ndipo watu huumia. Suruali pana ya kitambaa kizito, na juu yake kanzu ya kufika magotini iliyopasuliwa pande mbili, vitakusitiri vizuri ukiwa umekaa juu ya tandiko. Mtandio uwe mwembamba, ufungwe bila pini na ukae chini ya kofia ngumu, ambayo ni lazima kwa kila mpandaji. Viatu viwe vya kufunika mguu na viwe na kisigino kidogo, ili mguu usipenye kwenye kikuku ukakwama.

Sasa, Naivasha au Nanyuki? Kwa wanaoanza, na kwa siku tatu tu, mimi ningechagua Naivasha. Treni ya Madaraka, iliyoanza safari zake mwaka 2017, itawafikisha Nairobi kwa takriban saa tano, na kutoka hapo Naivasha iko kilomita 90 hivi, ilhali Nanyuki iko karibu 200. Katika mashamba ya kando ya Ziwa Naivasha mtapita juu ya farasi karibu kabisa na pundamilia na twiga, ambao hawamwogopi farasi kama wanavyomwogopa mtu anayetembea kwa miguu. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi. Kutoka kwenye nyumba yenu kwenda kula, subirini askari awasindikize, hata kama taa zinawaka njia nzima.

Nanyuki nayo ina uzuri wake. Mlima Kenya uko mbele ya macho, na ipo hoteli ya Mount Kenya Safari Club, iliyoanzishwa mwaka 1959 na mwigizaji wa Marekani William Holden pamoja na wenzake, ambayo ina farasi na vijumba vyenye mahali pa kuotea moto. Mji huo uko mita 1,900 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa joto hupungua kiasi cha nyuzi sita kwa kila mita 1,000, usiku wake humshangaza mtu wa Pwani aliyebeba leso na sweta moja. Popote mtakapokwenda, ulizeni kama chumba kina bomba la kutolea moshi, na msikubali kamwe kuletewa jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imewaua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu bei, ombeni iandikwe yote: kodi ya VAT ya asilimia 16, tozo ya utalii ya asilimia 2, ada ya hifadhi ikiwa ipo, na idadi ya saa za kupanda farasi. Maneno “kupanda farasi kumejumuishwa” mara nyingine humaanisha nusu saa ya kuzungushwa uwanjani.

SWALI: Kwa nini sisi wa Pwani tusiwe na mashamba ya farasi kama bara? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Sababu kubwa ni maradhi. Mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana, ambao farasi hawaustahimili, na wapo visubi, wadudu wadogo wanaouma, wanaoruka zaidi kuanzia jua linapotua hadi alfajiri, wenye kueneza virusi vya homa ya farasi ya Afrika. Pundamilia huvibeba virusi hivyo bila kuugua, bali farasi asiyechanjwa hufa kwa urahisi. Joto na unyevu wa Pwani huwapendeza visubi hao. Farasi wa ufuoni Diani wapo, lakini kumtunza farasi huku ni kazi nzito. Hata bara, zizi makini huwaingiza farasi ndani kabla ya magharibi, kwa hivyo msilalamike mkinyimwa matembezi ya jioni.

SWALI: Tumealikwa kikazi mahali pa namna hiyo. Nitahakikishaje kwamba chakula ni halali, na zile uma na visu nyingi huanzwa wapi? (Bwana wa Bamburi)

JIBU: Liseme jambo hilo kwa maandishi siku ya kuthibitisha mwaliko, wala usingoje kukaa mezani, kwa sababu supu na michuzi ya meza kama hiyo huanza kuchemshwa tangu asubuhi. Kusema “sili nguruwe” hakutoshi. Mchuzi mzito wa nyama kwa mapishi ya Kifaransa mara nyingi hutiwa mvinyo, jelatini inayogandisha vitamutamu huweza kutokana na nguruwe, na arki ya vanila huwa imetengenezwa kwa pombe. Uliza nyama inatoka kwa mchinjaji gani, na kama ana hati ya Kenya Bureau of Halal Certification. Mpishi bingwa wa kweli hachukizwi na maswali haya. Hufurahi kujua mapema anampikia nani. Ukibaki na shaka, omba samaki, na maeneo ya Mlima Kenya yana trauti wazuri sana wa mito ya baridi, mradi wakaangwe kwa siagi au mafuta matupu.

Uma na visu huanzwa vya nje kuelekea ndani, jozi moja kwa kila mlo unaoletwa. Kisahani cha mkate kilicho kushoto ndicho chako. Ukimaliza, laza kisu na uma sambamba katikati ya sahani, na mhudumu ataiondoa bila kuuliza.

SWALI: Mwanangu wa miaka sita anaweza kupanda? (Mama wa Kisauni)

JIBU: Anaweza, juu ya farasi mdogo anayeongozwa kwa kamba na saisi, uwanjani, akiwa na kofia ngumu ya saizi ya kichwa chake. Matembezi ya porini kwenye wanyama, bado.