Chewa na samaki wadogo tangi moja?

Ndugu yangu wa Shangani, umeuliza kama chewa mchanga uliyepewa na mvuvi atakaa na wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kwenye tangi la lita 200. Hapana, usithubutu! Chewa humeza chochote kinachoenea mdomoni, na tangi hilo litamwia dogo upesi. Kikande naye, samaki mwingine wa miambani, usimweke humo, meno yake huvunja hata kaa.

Hao wadogo weka jozi moja tu, maana wakizidi hupigana. Wapole watangulie, wenye kulinda eneo waingie mwisho. Na tafadhali sana, usiokote samaki Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, huko Mtwara, bila kibali. Eneo hilo linalindwa tangu 2000.