Safu mbili kwenye daftari: namna ya kusikiliza mhadhara wa utafiti wa saikolojia na ubongo

Katika mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilihudhuria mihadhara ya utafiti karibu kila wiki, na kila mara nilitoka ukumbini na kurasa nne au tano za maandishi ambazo jioni yake mimi mwenyewe sikuzielewa. Nilikuwa nikinakili kila kilichopita kwenye slaidi, yaani majina ya sehemu za ubongo, namba za takwimu, hata rangi za grafu. Siku moja mwanafunzi mwenzangu aliyekosa kuhudhuria aliniuliza mtafiti mgeni alisema nini, nikamjibu kwamba alizungumzia kumbukumbu, na hapo maarifa yangu yakawa yamekwisha.

Mhadhiri mmoja aliyeona ninavyohangaika na kalamu alinishauri niikunje karatasi katikati, upande wa kushoto niandike kilichopimwa na upande wa kulia kinachodaiwa. Ushauri huo ulionekana mdogo mno kwa tatizo langu, lakini ndio ninaowapa wanafunzi hadi leo. Karibu kila jambo ambalo saikolojia inataka kulijua, kama vile hofu, umakini au kumbukumbu, halipimiki moja kwa moja. Mtafiti hupima muda wa kubonyeza kitufe, idadi ya maneno yaliyokumbukwa, au jasho la vidoleni, kisha kutoka hapo hujenga daraja la kuvukia hadi kwenye hofu au umakini. Chukua jaribio maarufu la John Ridley Stroop la mwaka 1935, ambamo mtu hutakiwa kutaja rangi ya wino wa neno ambalo lenyewe ni jina la rangi nyingine. Upande wa kushoto utaandika kwamba watu walichelewa kutaja rangi. Upande wa kulia utaandika kwamba mazoea ya kusoma hugombana na umakini. Maneno ya kulia yanaweza kuwa kweli kabisa, lakini hayakupimwa, yamefasiriwa.

Safu hizi huhitajika zaidi pale picha za ubongo zinapoonyeshwa, kwa sababu doa jekundu juu ya ubongo wa kijivu lina ushawishi mkubwa kuliko sentensi yoyote. Kipimo cha fMRI, yaani mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, hakioni mawazo, wala hakioni niuroni, yaani seli za neva, zikifanya kazi. Kinafuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu, mabadiliko ambayo hufika kilele sekunde kama tano baada ya kazi yenyewe ya niuroni. Zaidi ya hayo, picha moja hugawanywa katika vijisehemu makumi ya maelfu, na kila kimoja hufanyiwa hesabu yake, hivyo bila marekebisho ya kitakwimu baadhi yake vitang'aa kwa bahati tu. Craig Bennett na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2009 kwa namna ambayo bado hunichekesha: walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine ya fMRI, wakamwonyesha picha za watu na "kumtaka" akisie hisia zao. Hesabu isiyorekebishwa ilionyesha vijisehemu vichache vya samaki huyo vikiwa "hai", na baada ya marekebisho vikatoweka vyote. Kwa hiyo, picha ya rangi inapotokea, mimi hutafuta kwanza maandishi madogo yaliyo chini yake yanayoeleza marekebisho yaliyofanywa. Yakikosekana, hilo ni swali halali kabisa la kumuuliza mzungumzaji.

Mtego wa pili wa picha hizo ni mjanja zaidi. Mzungumzaji anasema kuwa amigdala, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo, iliamka washiriki walipotazama picha fulani, kwa hiyo waliogopa. Hiyo ni hoja inayotembea kinyumenyume. Ni kweli kwamba hofu huamsha amigdala, lakini amigdala huamshwa pia na vitu vya kupendeza na vitu vigeni, na mtafiti wa ubongo Russell Poldrack aliuchambua udhaifu wa hoja za namna hii kwa kina mwaka 2006. Katika daftari langu huwa nachora mshale kutoka kushoto kwenda kulia, kisha najiuliza kama kuna kitu kingine ambacho kingeweza kuzaa kipimo hichohicho cha kushoto. Nikikipata, nimepata swali.

Upande wa kushoto uandike pia ni nani waliopimwa. Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionyesha mwaka 2010 kwamba sehemu kubwa ya tafiti za saikolojia imejengwa juu ya watu wa jamii tajiri za Magharibi zenye elimu, wengi wao wanafunzi wa vyuo, ilhali slaidi ya mwisho husema "binadamu".

Hata hivyo idadi ya washiriki isikufanye mwepesi wa kuhukumu, kama nilivyokuwa mimi. Katika mhadhara mmoja kuhusu uwezo wa kuona, nilinyoosha mkono na kusema kwa kujiamini kwamba watu watano hawatoshi kuthibitisha chochote. Mzungumzaji akarudi kwa upole kwenye slaidi ya tatu, ambako ilikuwa imeandikwa kwamba kila mmoja wa hao watano alifanya majaribio maelfu kadhaa kwa siku nyingi, na kwamba matokeo yalijirudia ndani ya kila mtu peke yake. Nilikuwa nimelipitia jambo hilo kwa jicho tu bila kuliandika kwa kuwa nilikuwa nimeshajiandalia swali. Baadaye nilijilaumu zaidi nilipokumbuka Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 na kupoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Mtu huyo mmoja, katika makala ya William Scoville na Brenda Milner ya mwaka 1957, alibadilisha namna dunia inavyoifahamu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu.

Tangu siku hiyo huuliza swali moja tu, fupi, na linalotoka kwenye safu zangu, si kwenye hamu ya kuonekana. Linalozaa majibu mazuri kuliko mengine ni hili: ni matokeo gani yangekufanya uiache nadharia tete yako? Wazungumzaji wazuri hulifurahia.

Mhadhara ukiisha, usikimbilie mlangoni. Mwaka 2015 watafiti walioshirikiana kurudia tafiti 100 za saikolojia walipata matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu, katika asilimia 36 tu ya marudio, wakati tafiti za awali zilikuwa nayo kwa asilimia 97, na sehemu ya pengo hilo inatokana na majaribio yaliyoshindwa kubaki kabatini bila kuchapishwa. Kwa hiyo humsogelea mzungumzaji na kumuuliza faraghani ni nini hakikufaulu. Mtafiti mmoja alinyamaza kidogo, kisha akanieleza majaribio mawili yaliyotangulia lile alilotuonyesha, ambayo hayakutoa chochote na hayakuwa na slaidi. Nililifungua daftari palepale nikayaandika yote mawili upande wa kushoto.