Maswali ya Msimu wa Baridi: Tope, Upepo wa Tairi na Vidole Vilivyokufa Ganzi

SWALI: Kocha, habari za kazi. Nina miaka 41 na huu ni msimu wangu wa kwanza wa saiklokrosi, zile mbio za baiskeli za raundi kwenye nyasi na tope, ambapo pengine unashuka na kukimbia na baiskeli begani. Nimeshiriki mashindano manne ya ridhaa, na yote yamenikuta na tope na baridi. Ikifika raundi ya pili vidole vimekufa ganzi, breki siisikii. Kwenye kona tairi ya mbele inanitoroka. Tope likiwa zito nakanyaga pedali hadi pumzi inakata, huku watu waliobeba baiskeli zao wananipita wakikimbia. Nimeshika mkia mara mbili. Wenzangu wanasema ninunue baiskeli nyepesi zaidi. Je, ndiyo dawa?

JIBU: Dada yangu, pesa zako zitunze. Wale waliokupita wakikimbia ndio unaopaswa kuwaangalia.

Msimu wangu wa tatu niliwahi kung'ang'ania kama wewe. Palikuwa na kipande cha nyasi kilichochakazwa na magurudumu, mita 80 hivi, na karibu kila mtu alikuwa anashuka. Mimi nikabaki juu ya baiskeli. Nyasi ndefu zilizolowa tope zilijisokota kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya gia ya nyuma, zikakaza kama kamba ya katani. Cheni ikaruka mara moja. Ikaruka tena, nami nikazidi kukanyaga. Halafu nikasikia mlio mkavu: kipande kidogo cha alumini kinachoishikilia gia kwenye fremu kilikuwa kimekatika, na gia nzima ilikuwa imevutwa ndani ya spoki. Ilikuwa raundi ya pili. Nilibaki nimesimama pembeni natetemeka, nikiwatazama wenzangu wakipita raundi baada ya raundi, na uchungu wa siku ile ninao hadi leo.

Tangu hapo nashuka mapema. Ukiona mwendo unakaribia kuwa wa kutembea, shuka hatua kumi kabla baiskeli haijakwama, ili mbio za magurudumu ziingie moja kwa moja miguuni. Aliyesubiri hadi akwame huanza kukimbia kutoka sifuri, tena kwenye tope. Mguu wa kulia unapita nyuma ya kiti, unasimama kidogo kwa mguu wa kushoto kwenye pedali, kisha unatua ukiwa tayari unakimbia. Na mahali penye tope la kunata usiisukume baiskeli. Gurudumu linalobingirika bila mtu juu yake linazidi kukusanya tope hadi linagoma kwenye fremu. Itupe begani, bega la kulia, mkono upite chini ya fremu na ushike usukani upande wa kushoto usije ukakupiga. Mchezo huu ulikuwa hivyo tangu ulipoanza Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 20: waendesha baiskeli wa barabarani walikuwa wakikatiza mashamba wakati wa baridi ili wasipoteze nguvu zao, na kukimbia na baiskeli begani kuliwapa joto miguuni.

Sasa hiyo tairi inayokutoroka. Karibu nina hakika umejaza upepo mwingi mno. Mimi nina kilo 72, natumia tairi zisizo na tyubu, na kwenye tope naweka paundi 22 mbele na 24 nyuma. Mwenye tyubu aongeze hadi 30 hivi, maana chini ya hapo rimu itaibana tyubu kwenye jiwe au mzizi na kuitoboa matundu mawili yanayokaa sambamba. Usikisie kwa kidole gumba, nunua geji. Fika mapema, zunguka njia yote ukiwa na upepo mwingi kidogo, kisha punguza paundi moja moja. Rimu ikigusa mzizi kidogo tu, mara moja kwa raundi, pale penye mshtuko mkali kuliko pote, umefika. Wengi huacha kupunguza mapema kwa sababu tairi laini inawatia wasiwasi. Ipe nafasi, utaona kona zilezile zinavyobadilika. Na breki ya mbele uimalize kabla ya kona, si ndani yake.

Kuhusu upana, mashindano yanayofuata kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, hayaruhusu tairi kuzidi milimita 33. Ya ridhaa mengi hulegeza hapo, kwa hiyo waulize waandaaji.

Vidole huharibika kabla ya mbio. Unapasha mwili moto na glavu unazokusudia kushindania, zinaloa jasho na matone ya tope, halafu unasimama kwenye mstari dakika kumi ukisubiri kuitwa. Pale ndipo baridi inapoingia. Uwe na jozi mbili: moja ya kupashia moto, nyingine kavu iliyokaa ndani ya koti kifuani, uivae dakika ya mwisho kabisa. Funika pia mikono kuanzia kiwiko hadi kiganja, kwa sababu damu ikipoa njiani hufika vidoleni ikiwa baridi. Ukimaliza, vua nguo zilizolowa kwanza, salamu na mazungumzo baadaye. Vidole vikianza kupata joto vitauma sana, hata machozi yanaweza kutoka. Usivichovye kwenye maji ya moto. Viweke kwapani utulie.

SWALI: Kocha, washindani wengi wana baiskeli mbili za kubadilisha katikati ya mbio, na mtu wa kuwaoshea ile iliyochafuka. Mimi ninayo moja na niko peke yangu. Nifanyeje?

JIBU: Wewe omba mvua inyeshe sana. Tope la majimaji linajiosha lenyewe. Gumu ni la siku ya pili yake, jua likishalikausha nusu na kuligeuza gundi. Siku kama hiyo paka mafuta ya kupikia, tabaka jembamba, chini ya fremu na kwenye pedali, tope lisipate pa kushika. Diski na pedi za breki zisiguswe na tone hata moja; funika kwa kitambaa unapopaka. Kabla ya kupanda tena baada ya kukimbia, gonga soli ya kiatu kwenye pedali, tope litoke katikati ya meno ya soli, la sivyo kiatu hakitanasa kwenye pedali. Na mteremko ukiwa na nyasi safi pembeni, pita huko: nyasi zitakung'olea tope kwenye tairi kabla hujafika chini.